Sahani ya Mgeni

Kiti cha pili kilikuwa na joto.

Kamene alikipapasa tena kwa kiganja, akadhani ni jua la alasiri. Lakini dirisha lilikuwa upande mwingine, na kiti chake mwenyewe kilikuwa baridi.

Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika sanaa katika chuo kikuu kimoja mjini Machakos. Utafiti wake haukuwa wa vitabu tu. Ilimbidi atengeneze kazi ya sanaa, aiishi, kisha aeleze imemfunza nini. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila alasiri alipika, akaandaa sahani mbili, akala huku akizungumza na mgeni asiyekuwepo, kamera ikirekodi. Alitaka kujua upweke ukipewa kiti utafanya nini. Tangu amzike mama yake aliishi peke yake katika nyumba ya kupanga kule mlimani, na simu yake ilimaliza wikendi nzima bila kulia.

Kwa hiyo hakuacha. Siku chache baadaye muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa aliyoyapika na maharagwe, ukaanza kupungua katika sahani ya pili. Nyumba ikanuka udongo uliolowa mvua, ilhali kilikuwa kiangazi.

Msimamizi wake, Daktari Ndunda, alimwita ofisini watazame video pamoja. Kwenye skrini Kamene alikuwa akitafuna, kimya. Kisha ikasikika sauti nyororo, "Umelala vizuri, Kamene?" Na Kamene wa kwenye skrini akatabasamu.

"Zima," Ndunda alinong'ona. "Zima hiyo kitu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Rudi kwa watu wenu. Usilale huko tena."

"Watu gani, daktari?"

Ndunda aliizima video mwenyewe. Jumamosi mchana alipanda mlimani na shangazi yake Kalondu, mganga kutoka Muthetheni.

Kalondu alichoma majani makavu kwenye kigae. Moshi ulitambaa mezani, ukapita sahani ya kwanza, ukafika penye kiti cha pili na hapo ukagawanyika, ukazunguka kitu ambacho macho hayakukiona, kitu chenye mabega mapana na shingo ndefu kupita kiasi, iliyokuwa ikiinama polepole kumwelekea Kamene kama anavyoinama mtu anayetaka kusikia vizuri, huku harufu ya udongo ikizidi mpaka Ndunda akaziba pua na kurudi nyuma, mgongo wake ukagonga ukuta.

"Jini hili halikuvunja mlango," Kalondu alisema chini chini. "Ulilikaribisha wewe, mwanangu. Mimi nimelifungulia njia ya kutoka, lakini lazima ulifukuze kwa mdomo wako. Likibaki, muthokoi hautalitosha."

Kamene alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama Kalondu. Akamtazama Ndunda, ambaye kwa miaka mitatu ya kumsimamia hakuwahi kufika pale hadi siku hiyo.

"Nyinyi mtaenda nyumbani," alisema. "Si ndiyo?"

Ndunda aliangalia mlango.

Kamene alivuta sufuria, akapakua sahani mbili. Kalondu akakusanya vitu vyake haraka, akatoka bila kugeuka. Ndunda alimfuata, lakini alipofika kwenye geti akasimama, akageuka.

"Kamene!" aliita. "Toka nje, tafadhali!"

"Tunakula," zilijibu sauti mbili.