Nyumba Isiyorudisha Umeme

Hebu niambie, ungeitambuaje nyumba ya adui katika kijiji ambacho kila mlango unakukaribisha?

Somoe hakujua. Jasusi huyu alizaliwa kisiwani Mafia, akafundishwa kuua huko bara, na sasa alikuwa amesimama katikati ya Utende, jua la mchana utosini, bastola ya Glock chini ya baibui, redio ndogo sikioni.

"Kozi, uko wapi?" Mkuu wake alimwita kwa jina la kazi.

"Utende, mkuu."

"Mtafiti Luqmani yungali hai. Dreyer aliyemteka anataka nywila ya mtandao wa umeme. Akiipata, betri za kijiji kizima zitalipuka, watu warudie dizeli yake ya magendo. Muwahi."

Redio ikakatika.

Luqmani! Ndiye aliyeunganisha paneli za jua za nyumba zote, mwenye umeme mwingi ampe aliyepungukiwa. Jana asubuhi alimpigia Somoe simu. "Kuna neno nataka kukwambia, ila..." Likafuata yowe. Kisha kimya.

"Shikamoo, Bi Aziza."

"Marahaba, mwanangu. Keti uone." Bi Aziza, mwangalizi wa mtandao ule, alikuwa barazani na tableti ya Samsung mapajani, kaifunika kanga isiingie vumbi. "Nyumba ile ya kupangisha, yenye ua wa mabati ya buluu. Inachota kwa majirani tangu jana, haijarudisha hata chembe. Na jua lote hili!"

"Kwani mashine hairudishi yenyewe?"

"Thubutu! Luqmani aliacha kitufe kibonyezwe kwa mkono. Alisema wema haufanywi na mashine. Hapa hata mtoto anajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Wale si watu wetu."

Somoe akatabasamu kidogo. Vifaa vya mamilioni, wameumbuliwa na uchoyo.

"Nikikubipu, wanyime umeme."

"Nitawanyima hata salamu."

Nyuma ya mabati ya buluu, mlinzi wa kwanza alikuwa akimenya chungwa. Kisu kilimpata chini ya sikio; Somoe akamlaza taratibu, kama mtu amlazavyo mwana mchanga. Wa pili alifungua mdomo apige kelele.

Meno yakatangulia kutoka.

Ndani, grenda, mashine ya kukatia vyuma, ilinguruma. Somoe akachungulia dirishani. Luqmani alikuwa amefungwa kitini, kidole chake kidogo kimelala sakafuni. Dreyer, jitu la Kizungu lenye shingo ya fahali, alisogeza kisahani cha chuma kwenye kidole cha pili.

"Nywila!"

"Kamuulize mama yako."

Somoe akabipu.

Grenda ikafa. Mashine ile hula umeme kuliko uwezo wa paneli za nyumba moja. Dreyer akaitikisa, akaitukana.

Mlango ukaruka.

Pa! Goti.

Pa! Bega.

Dreyer akamvamia hivyo hivyo, akamkaba koo, akamgongesha kichwa ukutani mpaka chokaa ikadondoka. Bastola ikaanguka. Somoe akapapasa, akaupata waya wa grenda, akauzungusha kwenye ile shingo ya fahali. Akavuta. Miguu ikapiga sakafu. Ikapiga tena, polepole.

Ikatulia.

Akamfungua Luqmani kamba, akamzonga mkono kwa mtandio wake. Kisha akaenda ukutani, akabonyeza kitufe cha kurudisha. Taa ya kijani ikawaka.

"Mkuu, Kozi hapa. Nywila iko salama. Leteni daktari na sanda."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka kama mtu aliyekuja kununua bamia.

"Somoe!"

Hakugeuka. "Nini?"

"Lile neno la jana."

"Luqmani, unavuja damu."

"Acha ivuje. Nataka kuleta posa kwenu."