Bibi na Barabara ya Njia Nne

Kila asubuhi Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliivuka barabara kubwa kwenda shuleni. Ilikuwa na njia mbili za kwenda, ukingo wa saruji katikati, na njia mbili za kurudi. Alikuwa ameizoea kama sare yake.

Jumamosi moja alipewa kazi nyingine. Bibi yake alikuwa amekuja kutoka kijijini kupimwa macho, na kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara hiyo. Mama, aliyekuwa kwenye cherehani akimalizia nguo za wateja, alisisitiza jambo moja tu: "Usimwachie mkono."

Njiani Bibi alimsalimia kila aliyepita, hata aliyekuwa akiongea na simu. Walipofika kwenye kivuko, wasichana wawili wa darasa la Chiriku walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa katikati. Mmoja akauliza kama bibi yule anaomba kura. Wakacheka. Chiriku akaona haya. Akauachia mkono wa Bibi, akavuka peke yake hadi kwenye ukingo.

Alipogeuka, gari la njia ya kwanza lilikuwa limesimama kumpisha Bibi, na Bibi amesimama mbele yake akimuuliza dereva habari za nyumbani. Moyo wa Chiriku ukarudi kijijini, alikozoea kumtembelea Bibi. Kule barabara ilikuwa michirizi miwili ya magurudumu, na majani katikati. Magari mawili yakikutana, moja lilipanda nyasini, na madereva hawakuachana bila kujuliana hali. Gari likisimama, barabara yote imesimama. Na lori likitokea, Bibi alimvuta pembeni, akamshika mkono mpaka vumbi litulie.

Bibi akamaliza kushukuru, akanyanyua mguu kuingia njia ya pili. Hakuliona lori lililokuja mbio katika njia hiyo, likifichwa na gari lililosimama.

"Bibi, simama!"

Bibi akaganda. Lori likapita, upepo wake ukampeperusha mtandio. Chiriku akatazama njia, ilikuwa tupu. Akamkimbilia, akamshika, wakafika kwenye ukingo. Mmoja wa wale wasichana akamwamkia Bibi kwa sauti ndogo.

"Nilikuachia mkono kwa sababu walinicheka," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Bibi."

Walitazama njia ya tatu, wakavuka. Wakatazama ya nne, wakavuka. Walipokanyaga ng'ambo ndipo Bibi aliposema.

"Mimi nilidhani ni barabara moja pana. Kumbe ni nne, zimelala kama watoto kitanda kimoja. Mmoja akitulia, mwenzake bado anarusha mateke. Basi kila njia itazame peke yake, mjukuu wangu. Na watu wakikucheka kwa kumshika mzee wako mkono, waache wacheke. Kicheko hakivunji mfupa."

Chiriku akacheka huku analia. Mkono hakuuachia, ingawa barabara ilikuwa imekwisha.