Mustang Nyekundu ya Mulumba

Gereji ya Musafiri ilikuwa tupu kama mifuko ya watu wote wa Kolwezi mwaka ule wa 1993: Mustang yake nyekundu haikuwamo. Inspekta Kyungu alilichunguza kufuli. Halikuvunjwa.

"Ni Mulumba," alisema Musafiri, tajiri wa malori. "Ule Mukasai njo alitengeneza motokari. Mi na yeye tu tuko na ufunguo."

Mulumba alikuwa rumande tayari. Mkewe Ndaya na watoto walikuwa stesheni, wamekalia mizigo, wakingoja treni ya Wakasai, watu wa Kasai waliokuwa wakifukuzwa mjini. Ikiondoka bila yeye, vijana wa mjini wangemmaliza.

Kyungu aliijua Mustang ile, nani hakuijua? Ilifuata umbo la zile za Kimarekani za miaka ya sitini, ila Mulumba aliigonga bodi upya, bati kwa bati, akatia injini mpya na breki za kisasa. Watu walimcheka Musafiri: bei ya malori mawili kwa kitu cha kuiga! Kyungu hakucheka. Kila ilipopita aliacha kazi akaitazama, wala hakuona haya. Za zamani zilitoka kiwandani, hii ilitoka mikononi mwa mtu. Kwake ilistahili gharama yote.

Akaenda rumande akamkabili mtuhumiwa.

"Ufunguo?"

"Huu hapa, tata. Nilitaka kumurudishia patron Musafiri leo."

"Gari umelipeleka wapi?"

"Mi nipitishe wapi motokari nyekundu? Ku barrière banatunyang'anya hata sufuria."

Kyungu aliinuka. Kweli hiyo.

Alikwenda kwenye kizuizi cha njia ya Mutoshi, kisha cha njia ya Nzilo. Vijana walikuwa wamerundika magodoro, redio na vyerehani vya watu. Mustang hawakuiona. Wangeiona, wangeipigia makofi kwanza ndipo waipore.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea; ufunguo wa pili uko kwa Musafiri mwenyewe. Akarudi kwa Musafiri na askari wawili, wakaingia ghalani mwake. Nyuma ya ukuta wa magunia ya unga wakaikuta, nzima, inang'aa.

Musafiri aliketi juu ya gunia.

"Motokari yako mwenyewe. Juu ya nini uliificha?" Kyungu aliuliza.

"Bangemufunga, treni ingeenda, angebaki. Kiisha ningekuja kumutoa. Mikono sawa ile haiko ingine huku, inspecteur. Nilitaka anitengenezee ya pili."

"Na bibi yake? Batoto?"

Musafiri aliinamisha kichwa. "Bale sikubafikiria."

Kyungu alimchukia, kisha akajiogopa mwenyewe, maana naye alilipenda gari lile kupita kiasi.

"Washa," aliamuru. "Unamupeleka Mulumba stesheni sasa hivi. Kiisha tutarudi kuandika maneno yako mu procès-verbal."

Walimtoa Mulumba rumande, wakaondoka naye garini. Treni ilikuwa imeshapiga honi. Langoni mwa stesheni vijana wenye marungu walipoiona Mustang waligawanyika wenyewe wakaipisha, wakaishangilia, wakaigusa mabati yake kwa upole. Mulumba alishuka, akapita katikati yao akiwa mikono mitupu, na hakuna aliyemwangalia. Ndaya alimvuta mkono, akampandisha behewani.