Breki za Tela ya Mama Viti

Alhamisi asubuhi Mama Viti alikuwa anapakia viti kwenye tela.

Mama Viti hukodisha viti na maturubai. Ana pikapu moja na tela moja, na anaendesha mwenyewe. Miaka sita iliyopita watu walimcheka. Mwanamke gani anavuta tela? Leo baadhi yao wanakodi viti kwake. Anawakodishia, lakini hajasahau hata mmoja.

Jumamosi ilikuwa siku yake. Darasa la watu wazima lilikuwa linamaliza mwaka wa kwanza. Kila mwanafunzi angesimama na kusoma mbele ya watu. Mama Viti angesoma, na viti vya wageni vilikuwa vyake. Ila darasa liko chini ya mteremko mkali.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kontrola iliyokuja na pikapu ilikuwa imeharibika. Kontrola ni kisanduku kidogo karibu na usukani. Dereva akikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme kwenye breki za tela, ili tela nayo ipunguze mwendo. Kontrola ikiharibika, tela inaisukuma pikapu kwa nyuma kama fahali.

Mumewe, ambaye watu humwita Haraka, alinunua kontrola mpya ya kampuni nyingine. Akaifunga mwenyewe kabla chai yake haijapoa.

"Tayari, mke wangu! Nimeilaza ndani ya droo ya dashibodi, wezi wasiione. Ile ya zamani nimeiacha hapo hapo, zisaidiane."

Wakaijaribu kwenye uwanja mtupu. Mama Viti alikanyaga breki kidogo tu. Magurudumu ya tela yakakwama, yakaburuzika. Viti kumi vikaruka chini.

"Si imesimama?" alisema Haraka.

"Imesimama kabla yangu!"

Akajaribu tena. Safari hii tela haikushika breki kabisa.

"Siteremki mlima na kitu hiki," alisema Mama Viti.

"Basi tukodi gari la mtu."

"Siku yangu mimi, viti vyangu viletwe na gari la mtu? Mpigie dada yako."

Dada yake Haraka ni fundi umeme wa magari. Alikuja na testa ya kupimia umeme mfukoni. Alipofungua droo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, umeitandikia na kitanda?"

"Nimeificha, wewe!"

"Haya. Karatasi ya maelekezo iko wapi?"

Haraka alikohoa. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza inayoyumba. Fundi aliichomoa, akampa Mama Viti.

"Wifi, soma."

"Mimi?"

"Mwenye darasa hapa ni nani?"

Kiswahili kilikuwa kimebanwa mwisho kabisa, nyuma ya lugha nyingine tisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ndivyo wanavyotuandikia, wakiandika. Mama Viti aliweka kidole chini ya mstari.

"Toa... waya... wa hasi... wa betri."

"Ili usichome kitu wala usiungue," alisema fundi, akautoa. "Endelea."

"Ondoa... kontrola... ya zamani... kwanza."

Haraka aliangalia viatu vyake.

"Umesikia, kaka? Zote mbili zinapeleka umeme kwenye waya mmoja. Hazisaidiani, zinagombana." Fundi aliichomoa ile ya zamani nyuma ya dashibodi. "Endelea, wifi."

"Funga... imara. Mshale... uelekee... mbele."

"Ndani yake kuna kitu kinachohisi gari linavyopunguza mwendo. Ukiilaza upande au ikichezacheza, inahisi uongo."

Aliifunga kwa skrubu chini ya dashibodi, mkono wa dereva unapofika. Akaunga nyaya nne, kila mmoja mahali pake: wa umeme wa betri kupitia fyuzi, wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, wa swichi ya breki, na wa kwenda kwenye tela. Kisha akarudisha waya wa betri.

Wakarudi uwanjani na mzigo wote.

"Anza na nguvu ndogo," alisema fundi. "Nenda polepole, halafu sukuma hii swichi ya mkono ya kontrola, inashika breki za tela peke yake. Tela ikishika kidogo mno, ongeza. Magurudumu yakikwama, punguza. Mzigo ukibadilika, pima upya."

Mama Viti alipima mara tano. Mara ya tano tela ilisimama pamoja na pikapu, taratibu. Hakuna kiti kilichoanguka.

"Hoyee!" alipiga kelele Haraka, akakumbatia tela.

Jumamosi waliteremka mlima kwa gia nzito. Mama Viti alikanyaga breki, akahisi tela ikimtii. Akaanza kuimba. Haraka hakujua wimbo huo, lakini aliitikia.

Zamu yake ilipofika, mwalimu alimwambia achague chochote cha kusoma. Mama Viti alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa bado na alama ya mguu wa meza. Alisoma bila kidole.

"Toa waya wa hasi wa betri. Ondoa kontrola ya zamani kwanza—"

"Kwanza kabisa!" alipaza sauti Haraka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Funga imara. Mshale uelekee mbele."

Aliinua macho. Safu ya pili walikaa watatu kati ya wale waliomcheka miaka sita iliyopita. Walikuwa wamekaa kwenye viti vyake, na walikuwa wanapiga makofi.