Sauti ya Bi Rayhana na Mashine Iliyogoma

Mtaa wa Sofia mjini Voi uliamka kwa harufu ya mahamri. Kabla gari la moshi kutoka Nairobi halijapita, Mwanamina alikuwa ameshawasha jiko. Alikaanga huku akiimba. Wateja walisema mahamri yake yalinoga kwa sababu yaliumuka yakisikiliza nyimbo.

Uimbaji aliurithi kwa mama yake, Bi Rayhana. Ukoo wao ulitoka pwani. Bi Rayhana aliongoza kikundi cha wanawake walioimba vugo, nyimbo za harusi ambazo huimbwa huku pembe za nyati zikigongwa. Wimbo wake mmoja ulipendwa kuliko zote. Ulikuwa wimbo wa kumuaga bibi harusi:

"Nenda mwanangu nenda, nyumba ya mamayo ipo."

Mwaka 1997 kikundi hicho kilichanga pesa kikaenda Mombasa, kikarekodi nyimbo zake studio. Wakapewa CD moja. Miezi michache baadaye Bi Rayhana alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono tu.

Sasa ulikuwa mwaka 1999. Jannat, binti ya Mwanamina, alikuwa anaolewa na Waleed, kijana aliyefanya kazi Muscat. Baada ya harusi wangesafiri pamoja.

"Mama, sitaki dhahabu," Jannat alisema akikunja kanga. "Nataka sauti ya bibi. Nikiwa na upweke huko, niisikie."

"Utaipata, mwanangu. Baba yako si ana mashine?"

Alwi, mumewe Mwanamina, alikuwa na duka la vyombo. Alipenda vitu vya umeme kama mtoto apendavyo halua. Alikuwa amenunua Mombasa mashine ya kunakili CD. Ndani ya boksi lake mlikuwa na CD moja tupu, naye aliitumia kunakili nyimbo za Bi Rayhana. Ilikuwa bahati. Muda si mrefu ndugu yake, Sufian, aliazima CD ya kwanza, ile ya studio, akaiacha juu ya dashibodi ya lori. Jua la Voi halina huruma. Ilipinda kama chapati.

Kwa hiyo ilibaki ile nakala tu. Jannat aliitaka aende nayo. Mwanamina naye aliitaka ibaki nyumbani.

"Msigombane," Alwi alisema. "Nimeleta CD tupu, paketi nzima. Kila mtu atapata yake."

Alitia nakala upande mmoja na CD tupu upande wa pili. Akabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha mashine yakatokea maneno ya Kiingereza: CD hii haifai. Akabadilisha CD. Maneno yakawa yale yale. Akaipiga mashine kofi.

"Hodi! Ni nani anapigwa huku?" sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao, Lois, mama Noah, mzaliwa wa Bura kule milimani. Lois alifanya kazi kwenye reli, upande wa simu na taa za kuongozea magari ya moshi. Waya alizijua.

"Karibu, Mama Noah," Mwanamina alisema. "Anayepigwa ni mgeni wa Baba Jannat. Amekula stima, sasa hataki kazi."

Lois alicheka. Akaichukua paketi ya CD tupu, akasoma maandishi yake taratibu.

"Hii mashine haina makosa," alisema. "Hizi CD ni za kompyuta. Mashine ya muziki ya nyumbani inakubali CD tupu zilizoandikwa ni za muziki peke yake. Zinafanana kwa macho, lakini mashine inazitambua."

"Lakini nilimuuliza muuzaji!" Alwi alisema kwa hasira. "Nilimwambia nina mashine ya muziki. Akaniambia CD ni CD."

"Basi alikudanganya, ama hakujua. Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Mrudishie. Umuoneshe maandishi. Mnunuzi akipewa kitu ambacho hakuagiza, ana haki ya kudai."

Kesho yake Alwi alipanda gari la moshi kwenda Mombasa. Muuzaji alimwonyesha ubao: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Alwi hakupandisha sauti. Aliweka paketi, risiti na kasha la ile CD tupu iliyokuja na mashine juu ya meza.

"Ndugu yangu, sikubadilisha nia," alisema. "Niliagiza za muziki, ukanipa za kompyuta. Nipe nilichoagiza."

Wateja wengine walianza kusogea wasikilize. Muuzaji aliangalia maandishi, akajikuna kichwa, kisha akambadilishia.

Alwi alirudi Voi akipiga mluzi. Aliita watu wote sebuleni. Bi Rayhana aliletewa kiti. Alwi alitia CD ya muziki, akabonyeza kwa madaha.

Mashine ikazunguka. Ikanyamaza. Kisha maneno yakatokea tena, mengine sasa: hairuhusiwi kunakili.

Jannat aliinama, machozi yakamlengalenga. Harusi ilikuwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne.

"Tuwapigie watu wa studio," Mwanamina alisema. "Wao ndio waliorekodi."

Walienda posta kupiga simu. Walichoambiwa kiliwavunja moyo. Ukanda wa awali, uliorekodiwa nyimbo zao, haukuwepo tena. Studio ilikuwa imerekodi kazi nyingine juu yake.

Jioni ile Alwi alikuja na wazo. Kule stendi palikuwa na kijana aliyeitwa Kiilu, muuza kaseti. "Anasema anaweza kulivunja hilo kufuli kwa kompyuta ya rafiki yake. Anataka tumwachie CD mpaka kesho kutwa."

"Kiilu?" Mwanamina aliweka kikombe chini. "Yule anayenakili nyimbo za watu na kuziuza kwa abiria? Tukimwachia leo, Jumamosi mama yangu atakuwa anaimba kwenye kila basi la Taveta, na hata ahsante hatapata. Na je, akiipoteza? Hii ndiyo iliyobaki, Alwi. Haitoki nje ya mlango huu."

Aliposikia mkewe anamwita kwa jina, Alwi alijua mjadala umekwisha.

"Basi tufanye nini?"

"Tumuulize Mama Noah tena."

Lois alikuja jioni hiyo hiyo, bado amevaa koti la kazi. Alisikiliza yote. Kisha akakaa kwenye mkeka na wanawake.

"Ndani ya CD muziki haumo kama sauti," alieleza. "Umo kama nambari, nyingi sana. Katikati ya hizo nambari kuna alama ndogo. Hiyo alama inaiambia mashine: kazi hii ina mwenyewe. CD ya kwanza unaweza kuinakili. Lakini nakala yake hainakiliwi tena."

"Sijaelewa vizuri," Mwanamina alisema.

"Ni hivi. Mama anaruhusiwa kuzaa. Binti haruhusiwi."

"Alhamdulillahi mimi si CD!" Jannat alisema. Wanawake wakaangua kicheko, hata Bi Rayhana mabega yakamtikisika.

Lakini Mwanamina hakucheka sana. Jambo moja lilimkera.

"Mama Noah, sauti ni ya mama yangu. Pesa ya studio tulitoa sisi. Mbona mashine inatuzuia kama wezi?"

"Mashine haimjui mwizi wala mwenye mali. Ni kama askari wa geti aliyeajiriwa leo. Ameambiwa asipitishe mtu, basi hata mwenye nyumba anamzuia. Inaudhi, mimi sikatai. Lakini fikiria vile ulimkatalia Kiilu. Hiyo alama iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mwimbaji akinakiliwa ovyo, anabaki na koo kavu."

Mwanamina aliitazama mashine. "Kumbe mimi na mashine tulikuwa na hofu moja."

"Ndiyo. Tofauti ni kwamba wewe unaulizika. Studio waliweka alama bila kuwauliza. Mngewaambia mapema, wangeiacha wazi, ama wangewapa CD mbili tatu za kwanza."

"Na sasa?"

Lois alitoa mfukoni waya mbili zilizoshikana, moja nyekundu na moja nyeupe. "Kazi ni yenu, kwa hivyo hatuibii mtu. Tutapitia mlango mwingine. Mna redio inayocheza CD?"

"Ipo."

"Tutacheza nakala kwenye redio. Sauti itapita kwenye waya hizi mpaka kwenye mashine. Waya hizi zinabeba sauti peke yake. Nambari hazipiti, alama pia haipiti. Mashine itarekodi kama vile mtu anaiimbia."

"Na ubora?" Alwi aliuliza.

"Utapungua kidogo sana. Sikio la kawaida halitajua."

Alwi aliunganisha waya kwa pupa, akabonyeza. Waliposikiliza, sauti ilikuwa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. CD ile mpya ilikuwa imeharibika, kwa sababu CD za namna hiyo zikishaandikwa hazifutiki.

"Haraka haraka haina baraka," Lois alisema. "Tupime kwanza. Ona hizi taa. Zikifika kwenye nyekundu, sauti imezidi. Tucheze pahali wimbo una kelele zaidi, turekebishe, ndiyo turekodi."

Walipima. Walipunguza sauti. Walipima tena mpaka taa zikatulia.

"Kimya sasa!" Alwi aliamrisha. Alitoka uani akawanyamazisha watoto. Akamfukuza jogoo. Akamwomba jirani aliyekuwa anapasua kuni apumzike. Aliporudi alikuwa akinyata kwa ncha za vidole.

Lois alijizuia kucheka akashindwa. "Baba Jannat, waya hazina masikio! Hata gari la moshi likipita, haliingii humo."

"Acha anyate," Mwanamina alisema. "Ni mara ya kwanza nyumba hii kuwa kimya."

Pembe zikaanza kulia kwenye redio. Kisha ikaja sauti ya Bi Rayhana, nzito na tamu, kama zamani. Mwenyewe alikuwa kitini, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Mwanamina alimshika mkono. Wakasikiliza mpaka wimbo wa mwisho ulipokwisha.

Waliijaribu CD mpya. Ilicheza safi. Kwa njia ile ile walitengeneza nyingine kwa ajili ya kikundi, na nyingine Lois akaipeleka Bura kwa dada yake, ikatunzwe mbali na nyumba ile.

"Kwa nini mbali hivyo?" Alwi aliuliza.

"Nyumba ikiungua, vitu vyote vya pamoja vinaungua pamoja. Na msiziache juani."

"Hilo mwambie Sufian," Mwanamina alisema.

Ijumaa Jannat aliolewa. Ulipochezwa wimbo wa kumuaga, wanawake walisimama na pembe zao wakagonga pamoja na CD. Bi Rayhana aliwatazama, akaona wanachelewa. Aligonga mwiko kwenye sinia, akawarudisha kwenye mwendo. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Mwaka huo huo kikundi kilirudi studio na nyimbo mpya, Mwanamina akiongoza. Kabla hawajaimba, aliuliza: Je, tutapewa CD za kwanza zaidi ya moja? Je, zitakuwa na alama, na alama hiyo ina maana gani kwetu? Je, ukanda wa awali utawekwa na nani, na kwa muda gani? Mwenye studio alijibu yote, na waliyokubaliana wakayatilia sahihi. Aliungama kwamba waimbaji wachache sana humuuliza mambo hayo.

Siku moja simu mpya ya dukani kwa Alwi ililia. Alikuwa Jannat, kutoka Muscat. Mwanamina alikimbia na unga mikononi. Bi Rayhana alifuata nyuma na bakora yake.

"Mama, mama mkwe wangu amelia!" Jannat alisema. "Asili yake ni Unguja. Aliposikia nyimbo alikumbuka harusi yake mwenyewe. Sasa anaomba nakala, anataka kumpelekea dada yake."

"Wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia mwenye nyimbo yupo Voi. Angoje kwanza nimuulize bibi."

Mwanamina alimpa mama yake simu. Bi Rayhana aliisikiliza sauti ya mjukuu wake, akatabasamu. Aliisogeza simu mdomoni, akakusanya pumzi zake zote, na kwa mnong'ono aliousikia hata Alwi kule nyuma ya meza, akasema:

"Mpe."