Kidole na Ekseli Kumi

Haya yametokea, kweli tupu. Ikionekana humu hata chembe ya uongo, mwandishi atafagia karakana nzima kwa wiki moja.

Mdogo wake mwandishi ni mkerezaji wa vyuma. Wenzake humwita Kidole. Miaka ishirini na minane alipima vyuma kwa kidole gumba, na kidole hicho kiliweza kutambua unene wa mguu wa sisimizi.

Siku moja kiwanda kilileta mashine mpya ya kukereza, inayoongozwa na kompyuta. Meneja akawaita mafundi.

"Mtafundishwa miezi mitatu," alisema. "Mwisho wa mafunzo, kila mtu atengeneze ekseli kumi, vile vyuma vya kushikia magurudumu. Tisa zikiwa sawa, utabaki kwenye mashine. Zikipungua, utahamia kufunga maboksi."

Kidole alirudi nyumbani amenuna.

"Mama watoto, uzee huu nifundishwe na binti wa jirani?"

Mkufunzi alikuwa binti wa nyumba ya tatu.

"Nenda," mkewe alimjibu. "Au hicho kidole kimeshajua kufunga maboksi?"

Akaenda, shingo upande. Wiki ya nane wakafanya jaribio la ekseli kumi. Kila ekseli ilipotoka kwenye mashine, Kidole aliipapasa ikiwa bado na moto. "Nene hii," alisema, akaiamuru mashine ipunguze kidogo.

Baada ya chakula cha mchana mkufunzi akazipima kwa maikrometa, kile kipimo cha kubana. Nane zilikuwa nyembamba mno.

"Kifaa chako kibovu, mwanangu," alisema Kidole.

"Haya, baba. Pima mwenyewe."

Kidole akakereza nyingine, akaibana kwenye maikrometa ingali na moto. Ilikuwa sawa kabisa. Wakanywa chai. Akaipima tena. Imepungua.

"Nani kaigusa?"

"Hakuna. Chuma kikipata moto hutanuka. Kikipoa hurudi. Wewe ulikuwa unapunguza ule unene wa moto. Acha kipoe, ndipo upime."

Kidole alikitazama kidole chake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi kwelikweli. Alisubiri, akapima, akaandika. Siku moja akamgusa mkufunzi bega. "Mwalimu, zima mashine. Kisu kinalia vibaya." Wakakitazama: makali yamelika, na kompyuta ilikuwa haijasema neno.

"Hilo la sikio nifundishe mimi," alisema mkufunzi.

Siku ya mtihani, ekseli zote kumi zilikuwa sawa. Kidole akabaki kwenye mashine. Sasa asubuhi anakereza, mchana anawafundisha wapya kusikiliza kisu.

Mke wa Kidole ameisoma hadithi hii mpaka hapo.

"Shemeji," amesema, "zilipita tisa. Ya kumi si ndiyo inazuia mlango wa jikoni kwako?"

Ni kweli, ndiyo hiyo. Na mambo ya mguu wa sisimizi hajayauliza bado.

Ufagio uko wapi?