Mshumaa Wenye Kimo cha Khamsing

Kila asubuhi Buaphan alipika wali wa kunata, akautia kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti kando ya njia. Watawa wa hekalu la Nong Ken walipita pekupeku, wamepanga mstari, kila mmoja na bakuli lake. Buaphan aliwawekea wali tonge kwa tonge. Kisha alirudi nyumbani, akalisha kuku, akaenda kutazama mpunga.

Aliishi peke yake. Mumewe, Khamsing, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Hawakujaaliwa mtoto. Mchana kazi zilimsahaulisha kidogo. Lakini mvua za kwanza zikinukia tu, moyo wake ulikuwa hautulii. Huo ndio uliokuwa msimu wa Khamsing.

Mvua zikianza, watawa huacha kusafiri. Hukaa hekaluni miezi mitatu, wakisoma na kusali. Wanakijiji huwapelekea mshumaa mkubwa wa kuwamulikia. Kwa miaka ishirini, Khamsing ndiye aliyeutengeneza mshumaa wa Nong Ken. Alikuwa na kalibu ya bati, chombo kirefu cha kumiminia nta. Kijiji kizima kilikuja kumtazama, na yeye alipenda kutazamwa.

Tangu afariki, kijiji kilinunua mshumaa dukani.

"Baba Mtawa anaupokea, anashukuru, tatizo liko wapi?" alisema Phonsai, mdogo wake Khamsing. Walikuwa wanakula samaki wa kuchoma barazani. "Shemeji, mshumaa wa dukani umefungwa nailoni, una riboni. Hata wewe hukufungwa riboni siku ya harusi yako."

"Wa dukani nikisimama nao, unanifika kiunoni," Buaphan alijibu. "Mimi nataka mrefu. Kama alivyokuwa kaka yako."

Phonsai aliacha kutafuna. Hakufanya mzaha tena siku hiyo.

Nta walikuwa nayo. Kwa miaka minne Buaphan alikuwa ameokota mabaki ya mishumaa hekaluni na kuyaweka kwenye magunia. Kilichokosekana ni kalibu. Ile ya Khamsing ilikuwa imekaa chini ya nyumba, kati ya nguzo, na kutu ilikuwa imeila. Buaphan alipojaribu kuinyanyua, kipande cha bati kilibaki mkononi mwake.

Basi alimwendea Uthai, fundi wa kuchomelea mageti pale kijijini.

"Nataka kalibu ya mshumaa. Kubwa, urefu wa mtu," alimwambia.

"Urefu wa mtu, nimekuelewa, mama," alisema Uthai. "Njoo Jumamosi."

Hakuuliza swali lolote. Buaphan naye hakueleza zaidi. Jumamosi alikuta bomba la chuma, limechomelewa kila upande, limezibwa chini. Lilionekana imara. Alifurahi.

Kesho yake walianza kazi uani. Phonsai aliweka sufuria ya nta juu ya jiko la gesi, akaongeza moto. Nta ikaanza kutoa moshi.

"Punguza, shemeji," alisema Buaphan.

"Nikipunguza tutakesha hapa."

Mara nta ikashika moto. Mwali ulipanda juu kama wa kichaka kikavu. Phonsai alikimbilia ndoo ya maji.

"Usimwage maji! Wewe Phonsai, weka ndoo chini!"

Aliyepiga kelele ni Lamyai, jirani yao. Lamyai ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Hupita nyumba kwa nyumba akipima watu shinikizo la damu na kuwagombeza wanaovuta sigara. Alipita kwenye uwazi wa ua, akafunga gesi, akachukua mfuniko mpana na kuusukumia juu ya sufuria. Moto ukakosa hewa, ukazima.

"Ungemwaga maji, nta ingeruka na moto wake," alisema huku akihema. "Ingewaunguza usoni nyote wawili. Nta ni kama mafuta. Ikiwaka, funga gesi, funika, uiache ipoe. Mfuniko usiuguse."

"Mkono wangu," alisema Phonsai. Tone la nta lilikuwa limemwangukia. "Leteni dawa ya meno nipake."

"Una meno mkononi?" Lamyai alimvuta hadi kwenye bomba la maji. "Dawa ya meno ni ya meno. Wala usiulizie sosi ya samaki, hiyo ni ya kulia wali. Penye kuungua panataka maji safi ya bomba, dakika ishirini. Simama hapo, na usinung'unike."

Phonsai alisimama hapo dakika ishirini, na alinung'unika zote.

Lamyai aliwaonyesha namna ya kuyeyusha. Aliweka sufuria kubwa yenye maji jikoni, kisha sufuria ya nta ndani yake. Maji ndiyo yaliyoipasha nta. Moto haukuigusa. Iliyeyuka polepole, bila moshi. Waliimimina kwenye bomba la Uthai, wakasubiri siku mbili.

Siku ya tatu walilaza bomba chini. Nta haikutoka. Waligonga. Haikutoka. Phonsai alimwagia bomba maji ya moto, akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kilikatika ndani. Kipande cha kwanza kilitoka, kisha cha pili. Cha tatu kilibaki kimeng'ang'ania huko ndani.

Buaphan alivitazama vile vipande vikiwa kwenye majani. Hakulia. Aliingia ndani, akafunga mlango, na kuku wakashinda siku nzima bila kulishwa.

Jioni Lamyai alimletea supu ya machipukizi ya mianzi.

"Nta haijapotea, dada," alisema. "Itayeyushwa tena. Kibaya ni kalibu."

"Labda sikutakiwa kujaribu. Aliyejua amekwenda."

"Aliyejua naye alifundishwa na mtu. Uthai anajua mageti, na geti halitolewi ndani ya kitu. Kesho twende mjini Ubon. Pale kuna watu ambao kazi yao ni kalibu tu. Tutatafuta mpaka tuwapate."

Kesho yake Phonsai aliwapeleka kwa pikapu yake. Karakana ya kwanza ilikuwa kando ya barabara kuu. Fundi alikuja akitabasamu.

"Kalibu ya mshumaa? Wiki moja tu, mama! Lete malipo yote, uende ukapumzike."

"Tuonyeshe moja uliyowahi kutengeneza," alisema Lamyai.

Fundi alitoa simu, akawaonyesha picha.

"Hiyo ni picha. Yenyewe iko wapi? Na aliyeitumia ni nani, tumuulize?"

Tabasamu la fundi likapungua. Lamyai akamshika Buaphan mkono, wakatoka.

Walikwenda kwenye hekalu moja la mjini ambako watu walikuwa tayari wanachonga mishumaa ya sikukuu ya mwanzo wa mvua. Lamyai aliwauliza wachongaji kalibu zao zimetoka wapi. Watatu kati yao, bila kushauriana, walitaja jina moja: Saowani, nyuma ya soko la mbao.

Saowani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono yenye makovu na penseli sikioni. Kalibu zilijaa ukutani kwake. Hakuanza kwa kuahidi. Alianza kwa kuuliza.

"Mshumaa utapita mlango gani?"

Buaphan alishangaa. "Mlango wa hekalu."

"Una upana gani? Una ngazi ngapi mbele yake? Mtaubeba watu wangapi? Mwaka jana watu walitengeneza mshumaa mzuri sana, haukuingia ndani. Ulibaki nje unanyeshewa. Haya, nta mnayo kilo ngapi?"

"Kama sabini," alisema Phonsai, akamtajia pia upana na kimo cha mlango, na ngazi zake.

"Vizuri. Nipe kipimo. Unene?"

Buaphan alionyesha kwa mikono. Saowani alikuja na tepu, akapima, akaandika kwenye karatasi.

"Urefu?"

"Urefu wa mume wangu."

"Mume wako ana urefu gani?"

Buaphan alimtazama Lamyai. Aliishi na Khamsing miaka ishirini na mitano. Alijua sauti ya kikohozi chake. Alijua alivyopenda pilipili. Lakini kimo chake kwa namba hakuwahi kukiuliza.

"Amefariki," Lamyai alinong'ona.

Saowani alishusha penseli.  Aliuliza taratibu, "Mlikuwa mnasimama vipi, dada?"

"Jioni akitoka shambani," Buaphan alisema, "alisimama mlangoni, mimi nikamvua kofia. Kila jioni."

"Mvue sasa."

Buaphan alifumba macho. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukasimama hewani. Haukutafuta.  Saowani alipiga goti, akaweka ncha ya tepu sakafuni, akaivuta hadi kwenye vidole vyake.

"Mita moja na sentimita sitini na nane," alisema.

"Sitini na nane," Buaphan alirudia. Alikuwa kama mtu aliyeletewa barua kutoka mbali. Phonsai alitoka nje akasema anaenda kuangalia gari.

Kisha Saowani alichora. Alichora mshumaa, akaandika kila kipimo pembeni yake.

"Karatasi hii ndiyo makubaliano yetu. Wewe unabaki na moja, mimi na moja. Maneno matupu hupotea njiani. Nitaongeza urefu kidogo, kwa sababu nta ikipoa husinyaa. Sasa niambie, ile ya kwanza ilikuwaje?"

Buaphan alimweleza kuhusu bomba.

"Halikuwa na pa kufungukia," alisema Saowani. "Mshumaa ulikuwa kama mguu kwenye buti lililobana. Kalibu kubwa iwe vipande viwili, kulia na kushoto, vinavyofungwa kwa bolti. Katikati tunaweka mpira ili nta isivuje. Kitako kiwe peke yake, kina tundu la utambi. Ncha moja iwe nyembamba kidogo kuliko nyingine ili mshumaa uachie, na ndani pawe laini kama bakuli la chuma. Na huchukui kalibu mpaka tuijaribu hapa, ukiwa unatazama."

"Itachukua muda gani?"

"Siku kumi na mbili. Utanipa nusu leo, na nusu ukiridhika."

Siku ya kumi na mbili walirudi. Saowani aliziba tundu la utambi, akajaza kalibu maji mpaka juu. Tone moja lilichungulia kwenye bolti ya tatu. Alikaza bolti, tone likakoma.

"Mkifika nyumbani mkaushe ndani kabisa," alisema. "Nta ya moto ikikutana na maji hurukia watu. Kisha mpake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, kidogo tu. Mmimine polepole, msifanye haraka. Katikati patabonyea nta ikipoa. Hapo mtaongeza nyingine."

Nong Ken nzima ilikuja uani kwa Buaphan. Wazee walileta viti vyao. Uthai pia alikuja, akaizunguka kalibu mara tatu akishika zile bolti.

"Mama, kumbe inafunguka," alisema kwa aibu. "Nami ungeniambia..."

"Na wewe ungeniuliza," alisema Buaphan, na wote wawili wakacheka.

Waliyeyusha nta kwa njia ya Lamyai. Buaphan alivuta utambi katikati ukanyooka. Phonsai alimimina, safari hii bila haraka. Nta ilipobonyea, waliongeza. Walisubiri siku tatu, ingawa Phonsai alitaka kufungua siku ya pili na alifukuzwa na Lamyai kwa fagio.

Bolti zikafunguliwa moja moja. Nusu ya kulia ikaachia, kisha ya kushoto. Mshumaa ulisimama pale, wa manjano, mzima, bila ufa. 

Buaphan aliusogelea, akaweka paji la uso wake kwenye nta. Ilikuwa baridi na laini. Alikaa hivyo kwa muda. Hakuna aliyemharakisha.

Waliupeleka hekaluni kwa ngoma na filimbi. Ulipita mlangoni, na nafasi ya kiganja ikabaki juu. Mtawa mkuu aliutazama, kisha akamtazama Buaphan.

"Mama, najua huu ni wa nani," alisema. "Ukipenda, hatutauwasha. Tutauweka pembeni ya madhabahu. Utakuja kuuona siku zote, haujapungua."

Hilo ndilo alilolitamani tangu mwanzo, ingawa hakuwahi kulisema. Kitu cha kimo kile kisichoondoka. Buaphan aliunganisha mikono kifuani. Nje mvua ilianza kupiga bati.

"Baba Mtawa," alisema mwishowe, "Khamsing alitengeneza mishumaa ishirini. Hata mmoja hakuuweka kama pambo. Alikuwa akiuliza, watawa wanaona kusoma? Uwasheni."

Uliwashwa.

Wiki ile ile wanawake wa kijiji cha jirani walikuja kwake. Walitaka kutengeneza mshumaa wao, na walikuwa wamesikia anayo kalibu.

"Nitawaazima," alisema Buaphan, "lakini kwanza nendeni mkapime mlango wa hekalu lenu. Na mje na mfuniko wa sufuria."

Mvua ziliendelea. Kila siku saa kumi na moja jioni Buaphan alikwenda hekaluni, akaketi mbele ya mshumaa. Kila siku ulikuwa mfupi kidogo. Mwezi wa kwanza aliona huzuni alipoona umefika begani kwake. Mwezi wa pili alizoea. Alianza kuketi na Lamyai, wakizungumza juu ya mpunga na juu ya mkono wa Phonsai uliopona bila kovu.

Jioni moja wingu zito lilifunika kijiji na umeme ukakatika. Buaphan alikuwa bado njiani, chini ya mwavuli. Nyumba zote zilikuwa giza. Hekaluni tu ndiko kulikokuwa na mwanga. Alisimama kwenye tope akasikiliza. Mtawa mdogo alikuwa anasoma kwa sauti. Alisoma neno kwa neno, bila kukwama, kama mtu anayeona vizuri kilichoandikwa mbele yake.